Kijana wa Othaya Aliyekatazwa Bunduki

Mwai Kibaki alitamani uanajeshi kabla ya kutamani siasa. Serikali ya mkoloni ilimfungia mlango kwa sababu ya kabila lake. Zaidi ya nusu karne baadaye, jeshi zima la Kenya lilimpigia saluti.

Jumamosi ya Aprili 30, 2022, mizinga 19 ilinguruma Othaya, na ngurumo yake ikatanda juu ya mashamba ya chai na mabonde ya Nyeri Kusini. Wanajeshi waliovaa sare za sherehe walikuwa wamelibeba jeneza lililofunikwa bendera ya taifa. Mzee wa miaka 90 akateremshwa kaburini nyumbani kwake, kando ya mkewe, Mama Lucy, aliyetangulia mwaka 2016.

Mtu asiyejua habari zake angedhani anazikwa jenerali. Lakini Emilio Stanley Mwai Kibaki, Rais wa tatu wa Kenya, hakuwahi kuwa kurutu hata siku moja. Alikuwa mwanauchumi, mwalimu wa chuo kikuu, mbunge na waziri. Kuna jambo ambalo huenda wengi wa waliosimama pale siku ile hawakulikumbuka: kijana huyu wa Othaya alipokuwa akimaliza shule ya upili, kazi iliyomvuta moyo ilikuwa uanajeshi. Akanyimwa. Alama za mtihani alikuwa nazo, na akili pia. Alinyimwa kwa kuwa alizaliwa Mkikuyu.

Wanaosimulia maisha yake hukitaja kisa hicho kwa mistari miwili mitatu, kisha hukimbilia Makerere na Ikulu. Mimi nakiona kuwa ufunguo wa maisha yake. Miji yetu ya mlimani, kuanzia Othaya na Nyeri hadi Karatina, Nanyuki, Chuka na Meru, ina haja ya kukikumbuka hasa leo, wakati kila mzazi ana kijana mwenye cheti mkononi anayesubiri mlango ufunguke.

Wazee wa keya

Othaya ni nchi ya migongo ya vilima na mito ya baridi itokayo Nyandarua, Gura ukiwa mmojawapo. Kahawa hukaa upande wa chini, chai upande wa juu, na kati yake nyumba, shule na makanisa. Hapo, katika kijiji cha Gatuyaini, ndipo alipozaliwa Kibaki mnamo Novemba 15, 1931, kitinda mimba wa Mzee Kibaki Githinji na Mama Teresia Wanjiku.

Watu wa huko walivijua vita ambavyo hawakuvianzisha. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walichukua vijana wa Afrika Mashariki kwa maelfu wawe wapagazi wa kubeba risasi na chakula cha jeshi hadi ndani ya Tanganyika. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Mwafrika ukalitengeneza jina hilo hadi likabaki kwenye ramani: Kariokor jijini Nairobi, Kariakoo jijini Dar es Salaam. Katika Vita vya Pili, karibu watu laki moja kutoka Kenya walivaa sare. Baadhi walipelekwa Uhabeshi, wengine Burma, wakiwa madereva, makarani, wapishi na wapiganaji wa King's African Rifles, jeshi ambalo wenyeji walilifupisha wakaliita keya.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Kibaki alikuwa na miaka 13. Askari wa keya walirudi vijijini na makoti yao ya jeshi, na kila jioni penye moto palikuwa na hadithi. Mtoto wa Gatuyaini alisikia kwamba ng'ambo ya bahari kuna vita vya vifaru na ndege, na kwamba Mzungu naye huogopa, huumia na hufa. Alisikia pia uchungu. Baada ya vita vyote viwili, serikali ya koloni ilikuwa na mipango ya kuwapa mashamba askari Wazungu waliotaka kuishi Kenya. Mwafrika aliyepigana chini ya bendera hiyohiyo alirudi kwenye kishamba chake kilekile, na kipande chake kilekile cha utambulisho shingoni.

Hata hivyo, sare ile ilikuwa na mvuto. Kwa kijana wa kijijini, askari alikuwa mtu aliyeona dunia, aliyejua kuendesha lori, kusoma ramani na kusimama wima mbele ya mkubwa. Ni wazee hao wa keya waliompandikiza Kibaki hamu ya uanajeshi.

Wakati huo alikuwa shuleni. Alianzia Gatuyaini, akaenda shule ya misheni ya Karima, kisha akajiunga na Mathari ya Wamisionari wa Consolata, ambayo leo ni Nyeri High School, kuanzia 1944 hadi 1946. Mwanafunzi wa siku hizo hakukalia kitabu tu. Alijifunza useremala na uashi, akatengeneza madawati na kukarabati majengo ya shule, akalima chakula chake mwenyewe. Likizo zilipofika, Kibaki alifanya kazi ya kondakta kwenye mabasi ya Othaya African Bus Union, akakusanya nauli ili apate senti za matumizi. Mtu aliyekuja kuisimamia hazina ya nchi mwaka baada ya mwaka alijifunza hesabu ya kwanza ya fedha za umma akiwa amening'inia mlangoni mwa basi.

Amri

Mwaka 1947 alikwenda Mang'u, shule ya Wakatoliki iliyokuwa ikiwachuja vijana hodari wa nchi nzima. Alimaliza mwaka 1950 akiwa na alama za juu kabisa. Ni katika mwaka huo wa mwisho ndipo alipofikiria kwa dhati kujiunga na jeshi. Amri ya serikali ya kikoloni, ambayo wasifu wake huihusisha na afisa aliyeitwa Walter Coutts, ikamkata miguu: Wakikuyu, Waembu na Wameru wasiandikishwe.

Tazama ramani. Makabila hayo matatu ndiyo yaliyouzunguka Mlima Kenya. Kwa mstari mmoja wa kalamu, mlima mzima ulifungiwa kambi.

Si vigumu kuiona hofu iliyokuwa nyuma ya amri hiyo. Maafisa wa Kiingereza waliamini kuwa kuna makabila yaliyozaliwa kupigana na mengine yaliyozaliwa kulalamika. Walipenda kuandikisha Wakamba, Wakalenjin na watu wa kaskazini. Mkikuyu aliyejua kusoma walimwona mtu wa maswali: ndiye aliyemfuata mwanaharakati Harry Thuku mwaka 1922, ndiye aliyeandika malalamiko ya ardhi, ndiye aliyejenga shule zake mwenyewe nje ya misheni. Wakati wa vita, haja iliwalazimu kumchukua. Haja ilipokwisha, shaka ikarudi. Na Agosti 1950, mwaka uleule ambao Kibaki alikuwa akijiandaa kutoka Mang'u, serikali iliipiga marufuku Mau Mau, vuguvugu la kuupinga ukoloni.

Ukitaka kuujua ubaya wa amri ile, linganisha vijana wawili. Mmoja alikuwa Idi Amin wa Uganda, aliyeingia keya mwaka 1946 akiwa na elimu ndogo sana. Jeshi lilimpenda kwa kifua chake kipana na utiifu wake. Lilimleta Kenya kupigana na Mau Mau, likampandisha cheo hatua kwa hatua, na mwaka 1961 likamfanya mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uafisa kamili. Mwingine alikuwa Kibaki, aliyemaliza Mang'u akiwa miongoni mwa waliofaulu zaidi, na jeshi lilelile likamwambia kwamba damu yake haifai.

Miaka kumi baada ya kupewa uafisa, Amin aliipindua serikali ya nchi yake. Mwaka uliofuata, Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alitoweka mikononi mwa utawala huo na hakuonekana tena. Haya ndiyo matunda ya kuchagua askari kwa kabila na kifua, ukamkataa mwenye kichwa. Waafrika tumeyalipia kwa damu.

Kalamu badala ya bunduki

Kibaki alishika njia ya Kampala. Makerere ya miaka ya 1950 ndiyo iliyokuwa kilele cha elimu ya juu kwa Mwafrika wa Afrika Mashariki. Alisoma uchumi, historia na siasa, akaongoza chama cha wanafunzi kutoka Kenya, akawa makamu wa mwenyekiti wa chama kikuu cha wanafunzi. Mwaka 1955 alihitimu akiwa wa kwanza darasani, na shahada ya daraja la kwanza katika uchumi. Alifanya kazi kwa muda na kampuni ya Shell nchini Uganda, akapata ufadhili wa masomo, akaenda London School of Economics akasomea fedha za umma na kutunukiwa shahada kwa sifa. Mwaka 1958 alirudi Makerere, safari hii kama mhadhiri msaidizi.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa yakiteketea. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Kati ya mashamba na msitu wa Nyandarua likachimbwa handaki refu lenye miiba. Watu walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya dharura. Ilikuwa kawaida nyumba moja kuwa na mwana msituni na mwana mwingine miongoni mwa walinzi wa upande wa serikali walioitwa homugadi, na mama katikati akiwalilia wote wawili.

Nyeri ilitoa wana watatu ambao wakiwekwa pamoja hueleza zama hizo vizuri kuliko kitabu. Wa kwanza ni Dedan Kimathi wa Tetu, aliyezaliwa 1920, ambaye aliwahi kuwa jeshini kwa muda mfupi wakati wa Vita vya Pili kabla ya kuwa kiongozi wa wapiganaji wa msituni. Alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa mjini Nyeri, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Wa pili ni Waruhiu Itote, aliyezaliwa 1922 na kupigana Burma katika keya. Ujuzi ule wa Burma aliutumia kupanga vita vya msitu wa Mlima Kenya kwa jina la Jenerali China, hadi alipojeruhiwa na kukamatwa Januari 1954. Alihukumiwa kifo, akanusurika, na baada ya uhuru akawa mmoja wa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Wa tatu ni Kibaki, mdogo wao kwa takribani miaka kumi.

Kimathi na Itote walishika bunduki kwa sababu nchi yao haikuwapa njia nyingine. Kibaki alinyimwa bunduki, akashika kalamu. Sisemi kalamu yake ilikuwa tukufu kuliko jasho na damu ya msituni. Bila wa msituni, wenye kalamu wasingekuwa na meza ya kuandikia. Lakini nchi iliyozaliwa mwaka 1963 iliwahitaji wote.

Mwana wa mhunzi

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kijana aliyekatazwa kufua chuma aliingia kuvukuta moto wa siasa. Mwaka 1960 aliacha kazi ya kufundisha, akarudi kuwa afisa mtendaji wa KANU, chama kilichokuwa kimeundwa mwaka huohuo. Mwaka 1963 alichaguliwa mbunge wa Donholm, mtaa wa wafanyakazi wa Nairobi, eneo lililokuja kuitwa Bahati.

Siasa za mashinani zilimfunza adabu mapema. Mwaka 1969, akiwa tayari waziri, alikaribia kuangushwa na Jael Mbogo, mwanamke jasiri aliyemfikisha ukingoni, na Kibaki akaponea chupuchupu. Uchaguzi uliofuata, wa 1974, alirudi nyumbani kuwania Othaya. Wapiga kura wa kwao walimpa kiti hicho, na hakukiachia hadi 2013. Ukijumlisha na miaka ya Nairobi, alikaa Bungeni nusu karne kamili.

Asiyejua siasa za Nyeri hudhani mbunge hufanya kazi Nairobi. Mbunge wa mlimani hupimwa kwenye mkutano wa chama cha ushirika cha kahawa, ambako mkulima husimama na risiti ya malipo akadai aelezwe kwa nini kilo zake zimezaa senti chache. Hupimwa kwenye kiwanda cha chai, kwenye harambee ya kujenga bweni, kwenye matanga, na kwa chifu siku ya baraza. Kibaki hakuwa maarufu kwa kugawa noti. Alikuwa mtu wa hoja na hesabu. Wapo waliomlaumu kwa ubahili, na wapo waliomsifu kwa sababu hiyohiyo.

Huku Othaya ikimrudisha kila uchaguzi, Nairobi ilimpandisha na kumshusha. Alikuwa Waziri wa Fedha tangu mwishoni mwa 1969 hadi 1982, Makamu wa Rais tangu 1978 hadi 1988, kisha akashushwa akawa Waziri wa Afya. Katika siku hizo alitamka neno lililomfuata maisha yake yote: kwamba kujaribu kuiondoa KANU ni kama kukata mugumo kwa wembe. Kwa mtu wa mlimani, mugumo si mti wa kawaida. Ndio mti wa ibada, ambao wazee waliomba chini yake wakiwa wameelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Aliyesema hivyo alimaanisha kuwa KANU haiguswi.

Desemba 1991 mugumo ulianza kutikisika. Katiba ilibadilishwa kuruhusu vyama vingi, na siku ya Krismasi Kibaki akajiuzulu, akaanzisha Democratic Party. Mwaka 1992 alikuwa wa tatu. Mwaka 1997 alikuwa wa pili. Desemba 2002, akiungwa mkono na muungano wa NARC, alishinda kwa asilimia 62 ya kura, na KANU ikaondoka baada ya karibu miaka 40. Wembe ulikuwa umekata mugumo, na mkono uliokuwa umeushika ulikuwa wake. Aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa alikuwa amevunjika katika ajali ya gari wakati wa kampeni.

Amiri Jeshi Mkuu

Siku ile ya Desemba 30, 2002, kijana aliyekatazwa kuandikishwa alifanywa Amiri Jeshi Mkuu. Kila gwaride la maafisa wapya katika chuo cha jeshi cha Lanet, Nakuru, lilimtaka yeye kama mkaguzi wa heshima. Wana wa Kenya wa kila kabila walisimama mbele yake, naye akawapa uafisa ambao enzi ya ujana wake hakuna Mwafrika wa Kenya angeweza kuuota.

Angeweza kulipiza. Angalia alichofanya. Mwaka 2003 serikali yake iliondoa marufuku ya Mau Mau, iliyokuwa imedumu miaka 53, na kuzishinda hata serikali mbili za Waafrika. Wazee waliopigana msituni walikuwa, kwa mujibu wa maandishi ya sheria, wanachama wa kundi haramu hadi mwaka huo. Februari 18, 2007, siku ya kutimiza miaka 50 tangu Kimathi anyongwe, Kibaki alizindua sanamu yake katikati ya Nairobi. Mwanajeshi wa msituni alisimamishwa kwa shaba, bunduki mkononi, na mtu aliyenyimwa bunduki ndiye aliyemfunua.

Mwezi wake wa kwanza Ikulu, elimu ya msingi ilianza kutolewa bila karo. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka huohuo wa 2003. Mwanzoni mwa 2004 Mzee Kimani Maruge, aliyewahi kupigana katika Mau Mau, aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, amevaa kaptura na soksi kama wenzake wa miaka sita. Mlango ulifunguliwa hadi kwa aliyefungiwa miaka 70.

Vyuo vikuu navyo vilifuata. Desemba 2012 alitoa hati ya kujitegemea kwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilicho nje kidogo ya Nyeri mjini. Miezi michache iliyofuata, kabla ya kuondoka madarakani, vyuo vikuu vya Chuka, Meru na Karatina navyo vikapata hati zao. Makabila yaleyale yaliyotajwa katika amri ya zamani, Wakikuyu, Waembu na Wameru, sasa yana vyuo vikuu mlangoni.

Siasa za mashinani zilibadilika pia. Mswada uliopelekwa Bungeni na mbunge wa Ol Kalou, Mhandisi Muriuki Karue, uliunda mwaka 2003 Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, CDF, iliyotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Kwa mara ya kwanza mama wa Othaya, Kieni au Mukurweini aliweza kuuliza: fedha za zahanati yetu ziko wapi? Wezi walijitokeza, na kamati nyingine ziligeuka za jamaa na marafiki. Lakini swali lenyewe lilikuwa limezaliwa, na baada ya Katiba mpya ya Agosti 27, 2010, likakua likawa serikali 47 za kaunti.

Katika Katiba hiyo, iliyotiwa saini kwa mkono wake, kuna maneno ambayo mimi huyasoma nikimkumbuka mvulana wa Mang'u. Kifungu cha 241 kinataka uongozi wa Majeshi ya Ulinzi uakisi mseto wa maeneo na makabila ya watu wa Kenya. Kwa sentensi hiyo, amri ya 1950 ilizikwa.

Doa

Ningekuwa nadanganya kama ningeishia hapo. Mtu aliyefungiwa mlango kwa kabila anapaswa kuwa wa kwanza kuona mlango unapofungwa tena, na katika jambo hili Kibaki alipungukiwa. Tangu miaka ya mwanzo ya utawala wake, washirika wake wa NARC walilalamika kwamba makubaliano ya kugawana madaraka yamevunjwa na kwamba watu wa Mlima Kenya wamemzingira. Wakenya wengi waliona nyadhifa nyeti zikielekea upande mmoja.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulilipua hasira hizo. Matokeo yalipingwa, kiapo kikafanywa jioni kwa haraka, na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wengi waliokuja kujikinga katika miji ya mlimani walitoka Bonde la Ufa bila kitu ila nguo za mwilini. Mpatanishi Kofi Annan alikaa Nairobi wiki kadhaa, na Februari 28, 2008 Kibaki na mpinzani wake, Raila Odinga, wakatia saini mkataba wa kugawana madaraka. Damu ile haifutiki kwa barabara wala shule. Mtu wa Nyeri anayempenda Kibaki kwa dhati anapaswa kuyasema haya kwa kinywa chake mwenyewe, asingoje kuyasikia kwa mtu wa Kisumu au Eldoret.

Kuna uamuzi mwingine uliomwelemea kama Amiri Jeshi Mkuu. Oktoba 2011, baada ya utekaji nyara wa wageni katika pwani ya Lamu na kambi ya Dadaab, majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Mwaka uliofuata Kismayu ikaanguka. Mtu aliyesikiliza hadithi za wazee wa keya akiwa mtoto alikuwa sasa akituma watoto wa wenzake vitani, naye akijua fika kuwa si wote watarudi kusimulia. Nanyuki yenye kambi ya wanahewa, Isiolo yenye chuo cha askari wa miguu, na vijiji vyote vya kati ya hapo, vimekaa tangu siku hizo vikisikiliza simu kwa hofu.

Foleni ya asubuhi

Leo siku ya kusajili makurutu wa Majeshi ya Ulinzi, KDF, inapotangazwa, vijana huanza kufika uwanjani kabla ya jua kuchomoza. Wamebeba vyeti katika bahasha za kaki. Watapimwa kimo, watakaguliwa meno na nyayo, watakimbia hadi wazimie. Wamo waliomaliza kidato cha nne, na wamo wenye shahada wanaotafuta nafasi ya kadeti au afisa wa taaluma. Tangu 2021 jeshi lina hata chuo kikuu chake cha ulinzi. Lile pengo kati ya kitabu na bunduki, ambalo mkoloni alilichimba kwa makusudi, limefukiwa.

Jambo moja halijafukiwa. Kila msimu wa usajili, jeshi lenyewe hutoa onyo: kazi hii haiuzwi, usimpe mtu hongo. Onyo lisingetolewa kila mwaka kama tatizo halipo. Mzazi anayeuza ng'ombe ili amnunulie mwanawe nafasi amemfungia mlango mtoto wa jirani aliyefaulu mbio na masomo lakini hana ng'ombe. Amri ya 1950 iliandikwa kwa wino. Hii ya leo huandikwa kwa noti, gizani, na wanaoiandika ni sisi wenyewe.

Ndiyo sababu nasisitiza kisa cha Mang'u. Tulimpata Kibaki kwa kuwa alikuwa na njia ya pili: alama za juu, Makerere, ufadhili. Ni vijana wangapi wa Gatuyaini na Tetu, wa Runyenjes na Igembe, waliokataliwa mwaka uleule wakakosa njia ya pili? Hatuna majina yao. Hakuna mizinga iliyopigwa walipokufa.

Ukifika Othaya leo utaikuta hospitali kubwa yenye jina la Mwai Kibaki, na barabara ya lami ipitayo kwenye mashamba yaleyale aliyoyapita akiwa amening'inia mlangoni mwa basi. Ni heshima anazostahili. Lakini heshima kubwa zaidi iko uwanjani asubuhi ile ya usajili, kwa afisa aliyeshika orodha. Amtazame kijana aliye mbele yake, asiulize ametoka kwa nani wala amekuja na nini mfukoni. Amwambie tu: kimbia, tukuone.